Karatasi Ilisema Toleo la Kumi na Nne

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, feni ya mezani na nafasi ya kusema maneno machache. Kitenge nimeshakishona, feni naitumia. Maneno sikuyasema, kwa sababu mabakuli ya pilau yalikuwa yameshafunuliwa na mimi si mtu wa kusimama kati ya watu na pilau. Nayaandika hapa, ayasome mwenye muda.

Najua mnaniita Mama Toleo nikigeuza mgongo. Sina kinyongo, nimeitwa mabaya zaidi. Ninyi siku hizi mkimaliza kurekebisha programu mnaihifadhi, na mtambo wenyewe unaichukua, unaijenga, unaijaribu, kisha unaipiga muhuri wa toleo lake. Mkisahau kuhifadhi hata mstari mmoja, mtambo unakataa kujenga, nanyi mnaulaani pamoja na aliyeweka sharti hilo. Aliyeliweka ni mimi. Kwa hiyo sitaandika kuhusu vyeo vyangu, ambavyo havikuwa vingi, wala mshahara, ambao mnaujua kwa sababu wenu ni uleule. Nitaandika lile sharti lilikotoka, hata kama hadithi yenyewe si ya kumtuliza mtu.

Niliajiriwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya sabini, msichana wa Kondoa mwenye sanduku la bati na cheti cha kupiga taipu. Nilidhani naenda kupiga taipu. Nikapelekwa kwenye chumba cha kutoboa kadi, mahali penye wanawake kumi na kelele za wanawake elfu. Miaka ile serikali ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta mpya, na zile chache zilizokuwepo nchini tulizitunza kwa woga. Sisi wa kadi hatukuruhusiwa hata kuingia chumba cha kompyuta. Tulitoboa programu kwenye kadi, mstari mmoja kadi moja, tukazipitisha dirishani kwa watu waliovaa makoti meupe kama waganga wa meno.

Mkuu wa chumba alikuwa Bi Salome, mama wa Tukuyu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku yangu ya kwanza niliangusha rundo zima la kadi sakafuni, programu ya mtu ya kupangia shehena za pamba. Nikangoja kufukuzwa. Bi Salome alikuja, akainama, akaniokotea kadi tatu hivi kwa heshima, nyingine akaniachia. Nilipomaliza kuzipanga alichukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari wa mshazari juu ya ukingo wa rundo, kutoka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho. Akaniambia kwamba rundo likianguka tena, mstari ule ukirudi mnyoofu basi kadi zimerudi mahali pake. Na programu ikibadilishwa, hata kadi moja tu, rundo zima linachorwa upya kwa rangi nyingine, na rangi inaandikwa juu ya boksi. Rundo lisilo na mstari alilitupa kapuni bila kuuliza ni la nani. Nilimwona akilitupa la mkurugenzi.

Alikuwa na neno moja alilotuambia mpaka tukalichoka: "Mashine haijui ulichokusudia. Inajua ulichoiwekea." Tulimcheka. Bi Salome alifariki nikiwa kusini, taarifa ikanifikia arobaini imeshapita.

Kusini nilipelekwa miaka ya themanini, kwenye mradi wa korosho ulioletwa na wafadhili. Ofisi ilikuwa Nachingwea, kwenye jengo lililobaki tangu enzi za mashamba makubwa ya karanga ya wakoloni. Kuta zake zilikuwa nene na paa lake lilivuja. Mradi ulihudumia mpaka upande wa Ruangwa, ambayo wakati huo haikuwa wilaya bado. Nilipofika na mabegi yangu, mama wa nyumba ya jirani aliniuliza nimekosa nini huko nilikotoka hata nikaletwa huku. Nilimwambia nimekuja na kompyuta. Akanipa pole.

Kwa wasiojua, niseme mradi ulikuwa unapigana na nini. Mikorosho ilikuwa inakufa maua. Ugonjwa wenyewe unaitwa ubwiriunga. Ua likichomoza tu linafunikwa na unga mweupe, linakauka, linakuwa jeusi, na msimu umekwisha. Kinga yake ilikuwa salfa, unga wa njano unaopulizwa juu ya mti kwa mashine ya kubeba mgongoni. Lakini salfa ni kinga, si dawa. Ikifika kabla ya unga mweupe, unavuna. Ikifika baada yake, umepaka mti rangi. Kwa hiyo kazi yote ya ofisi yetu, ukitoa vikao, ilikuwa kujua lori liende kijiji gani wiki gani. Watu wa huko wanakula mikorosho. Wanasomesha kwa korosho, wanaoa kwa korosho, wanazika kwa korosho. Wiki mbili za kuchelewa ni mwaka mzima wa kijiji.

Kompyuta yetu ilikuwa ndogo, ya kukaa mezani, yenye milango miwili ya diski na kioo cha kijani. Ilikuja na mtaalamu mgeni, kijana mpole aliyeungua jua masikio, aliyetuandikia programu ya ratiba ya salfa na kutufundisha sisi wawili kuiendesha na kuirekebisha. Wa pili alikuwa Issa Chilumba, mtoto wa kijiji cha Mtua, Mmwera, aliyesomea hesabu chuoni akarudi kwao kwa hiari yake, jambo ambalo wenzake walilichukulia kama dalili ya ugonjwa. Issa aliniita dada, na kwa kweli nilikuwa dada yake. Aliandika programu safi kuliko yangu na hakujua kwamba ni safi.

Mtaalamu alituachia vitu viwili. Cha kwanza tulikiita kabati. Kilikuwa programu ya kuhifadhi matoleo: kila ukibadilisha maandishi ya programu unayaingiza kabatini, nayo inayapa namba na kuyakumbuka milele, ya kale na mapya. Cha pili tulikiita mjenzi. Programu yetu ilikuwa na vipande vingi, na kuvigeuza vyote kuwa lugha ya mashine kulichukua nusu siku ya jenereta. Mjenzi alikuwa na akili ya kupunguza kazi. Alilinganisha umri wa maandishi na umri wa kipande kilichokwisha kugeuzwa. Maandishi yakiwa mapya kuliko kipande, anageuza upya. Yakiwa ya zamani zaidi, anapita, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Kisha anaunga vipande na kuchapisha ratiba ya wiki. Ninyi mna wajenzi wenye majina ya fahari, lakini wengi bado wanafanya kazi kwa akili ileile.

Muhuri wa toleo niliuleta mimi, baada ya kisa cha Kilimarondo. Kilimarondo ni mbali, tembo na nyani wanaijua zaidi kuliko maofisa. Msimu mmoja madereva wawili walikutana huko, kila mmoja ana lori la salfa na karatasi ya ofisi yetu, na kila karatasi inasema Kilimarondo ni yake. Moja ilikuwa imechapishwa kabla ya marekebisho na nyingine baada yake, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Kijiji kingine kikakosa kabisa. Basi nikamwomba mkuu wetu, Ndugu Ulomi, turuhusiwe kumwagiza mjenzi achukue namba ya toleo kutoka kabatini na kuichapa chini ya kila karatasi, kila anapojenga, asiache hata mara moja. Ndugu Ulomi alipenda. Alikuwa mtu wa Moshi, nadhifu, mwaminifu, na mtu wa karatasi hasa. Akaongeza amri yake: kwa kuwa karatasi itakuwa na namba, ile tarehe iliyokuwa inachapwa pembeni iondolewe, maana mara nyingi ilikuwa ya uongo na madereva walikuwa wanaicheka.

Ilikuwa ya uongo kweli. Kompyuta ile haikuwa na betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika inasahau, na ukirudi inauliza tarehe ya leo. Ukibonyeza kitufe bila kujibu, inaendelea kwa furaha ikiamini kwamba ni Januari mosi ya mwaka wa themanini. Nasi mara nyingi tulikuwa tunabonyeza. Dizeli ya jenereta ilikuwa ya kupimiwa, umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, na swali lile tulilizoea kama mtu anayesema hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Mgeni akija kujifunza tulimfundisha hivyo: bonyeza, bonyeza tena, endelea. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mwenzetu ndani ya mashine anayelitegemea jibu.

Sasa nifike kwenye msimu wenyewe.

Ratiba ya mwanzo ilipanga vijiji kwa njia ya lori: Ruangwa kwanza, kisha kuzunguka, Nanganga, halafu kurudi upande wetu, na Mtua karibu na mkia. Iliokoa dizeli. Issa aliikataa. Alisema miti ya kwao, kwenye mchanga ule, huwahi kuchanua kuliko ya Ruangwa, na hilo si jambo la kubishania, kila mtoto wa Mtua analijua kama anavyojua njia ya kisimani. Alizunguka vijijini kwa baiskeli, akakusanya habari za uchanuaji kijiji kwa kijiji, akaandika upya kipande cha ratiba ili salfa ifuate maua, isifuate barabara. Lilikuwa toleo la kumi na nne. Ndugu Ulomi alisaini.

Siku Issa anamalizia kazi hiyo umeme ulikatika na kurudi. Alikuwa na safari ya Dar kufuata kichwa cha printa na diski mpya, na gari la kumpeleka Nanganga kudaka basi lilikuwa nje linapiga honi. Akabonyeza, akabonyeza tena, akaendelea. Akamaliza mabadiliko yake, akayahifadhi, akayaingiza kabatini, kabati likampa kumi na nne. Akaniachia niendeshe ujenzi na kuchapisha. Njiani aliomba gari lipitie kwao.

Huko kwao alimkuta baba yake akifunga mbuzi wawili kamba. Mzee Chilumba alikuwa amepatana na mfanyabiashara wa Masasi: mbuzi wale kwa mifuko ya salfa, asingoje serikali. Mzee huyo alikuwa na shamba kubwa la mikorosho kwenye makazi ya zamani, walikotolewa wakati wa kuhamia vijijini, na kila siku alikuwa anatembea kwenda kuipalilia kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Issa alimwambia afungue mbuzi. Alimwambia ratiba imerekebishwa, kwamba ameirekebisha yeye mwenyewe, kwamba Mtua itakuwa kwenye karatasi za mwanzo. Mzee alifungua kamba. Jirani zake waliokuwa na mpango kama wake wakafanya vilevile, kwa sababu mtoto wa Chilumba ndiye mwenye mashine.

Mimi niliendesha ujenzi. Mjenzi alifanya kazi haraka, akachapisha karatasi ya wiki ya kwanza, na chini yake: Toleo la 14. Mtua haikuwemo. Sikushtuka, lori moja haliwezi kwenda kote. Karatasi ya wiki iliyofuata ilikuwa na vijiji vya Ruangwa tupu. Hapo nikarudi kwenye mashine. Nilifungua maandishi ya Issa kwenye kioo nikayasoma mstari kwa mstari. Yalikuwa sahihi. Nikalinganisha na yaliyo kabatini: ni yaleyale, ni kumi na nne. Nikadhani labda habari za uchanuaji ndizo zilizosema hivyo, maana kila kitu nilichoweza kukitazama kilikuwa kinaniambia niko salama.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa kijiji cha Mtua alikuja ofisini kwa baiskeli, ana tawi la mkorosho kwenye mfuko wa plastiki. Lilikuwa na machipukizi ya maua, na kwenye ua moja au mawili tu kulikuwa na unga, kidogo, kama mtu aliyegusa ukuta wa chokaa. Alisema bado kuna nafasi, lakini ni ya siku chache. Aliomba salfa.

Ndugu Ulomi alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Kisha akatoa karatasi akamwonyesha namba iliyo chini.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "ratiba ya zamani ilikuwa na makosa, nakubali. Hii ni toleo la kumi na nne. Imerekebishwa na kijana wenu wenyewe. Kama Mtua haijafika zamu, basi maua ya Mtua hayajafika zamu."

Mwenyekiti alilitazama tawi lake. Hakuwa mtu wa Kiswahili kirefu. Alisema tu, "Ua hili hapa, mheshimiwa." Ndugu Ulomi akalishika, akalirudisha kwa upole, akamwambia mti mmoja si kijiji.

Mwenyekiti alipotoka nilimwomba Ndugu Ulomi tufute vipande vyote tujenge upya tangu mwanzo, ili tu niwe na hakika. Aliniuliza nimeona kosa gani. Sikuwa nimeona kosa. Akanionyesha madumu ya dizeli kupitia dirishani. Yaliyobaki yalitosha ama lori kwenda Ruangwa na kurudi, ama jenereta nusu siku. Aliniuliza kama niko tayari kuwaandikia watu wa Ruangwa kwamba salfa yao imeliwa na wasiwasi wangu. Nilibishana. Nilisema mpaka sauti ikapanda, jambo ambalo halikuwa desturi kwa mwanamke mbele ya mkuu, na baadaye mhudumu wa chai aliniuliza kama nina msiba. Lori likaenda Ruangwa.

Nimemfikiria Ndugu Ulomi miaka mingi na sikuweza kumchukia kikamilifu. Alikuwa na tawi mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, na karatasi nilimpa mimi. Muhuri ule niliuomba ili watu wasidanganywe, na sasa ulikuwa umesimama mlangoni kumzuia mtu mwenye ua mkononi.

Issa alikaa Dar muda mrefu, kwanza kichwa cha printa hakikupatikana, halafu kivuko cha Rufiji kikaharibika. Aliporudi, basi la Masasi lilimshusha Nanganga naye akaja na lori letu. Hakuenda kula. Alishika karatasi zote, akazisoma, akakaa mbele ya mashine. Alisoma maandishi yake kama nilivyoyasoma. Kisha akafanya kitu ambacho mimi sikukifanya kwa sababu tarehe zile tulikuwa tumezizoea kuwa za kipuuzi: aliorodhesha faili zote pamoja na tarehe zake. Kipande cha ratiba kilichogeuzwa kilikuwa cha mwaka ule ule tuliokuwa nao, kwa kuwa siku kilipojengwa mmoja wetu alikuwa amelijibu swali la tarehe. Maandishi yake mapya yalikuwa ya Januari mosi, mwaka wa themanini.

Mjenzi aliyaona ni ya kale. Akapita. Akaunga kipande cha toleo la kumi na tatu, akaenda kabatini, akachukua namba kumi na nne, akaipiga chini ya karatasi kama alivyoagizwa, asiache hata mara moja.

Tulimwita Ndugu Ulomi. Issa alimweleza taratibu. Alipomaliza, Ndugu Ulomi alisema, "Kwa hiyo karatasi imesema uongo."

"Haikusema uongo, ndugu," Issa alijibu. "Kumi na nne ipo. Imo kabatini."

Tulijenga upya kila kitu, kwa dizeli ya kuazima. Karatasi iliyotoka ilikuwa tofauti kabisa na ile ya kwanza, Mtua iko juu, na chini yake iliandikwa vilevile: Toleo la 14. Niliziweka mezani bega kwa bega. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lote ninalowafundisha ninyi mkipiga miayo. Namba inayotoka kabatini inasema tulichoandika. Haisemi kilichojengwa. Ndiyo maana nikawa siruhusu mjenzi yeyote aanze juu ya vipande vya jana bila kuvihakiki, wala asiamini saa kuliko yaliyomo, wala asipige muhuri kama kuna mstari mmoja nje ya kabati. Ndiyo maana muhuri wenu ni mrefu na mbaya, umehesabiwa kutokana na kila herufi iliyoingia. Mnasema hausomeki. Haukutengenezwa usomeke, ulitengenezwa usidanganye. Lakini msidhani haya yalimsaidia mtu yeyote ninayemsimulia hapa.

Ghala lilikuwa tupu. Salfa yote ilikwisha kwenda kwa mpangilio wa zamani, na shehena nyingine ilikuwa imekwama Mtwara. Ilipokuja, lori lilikwenda Mtua karibu wakati uleule ambao ratiba ya zamani ingelipeleka. Issa alisema ataandamana nalo akaseme mwenyewe. Nilipanda pamoja naye, kwa sababu sikuona namna ya kubaki.

Mzee Chilumba tulimkuta shambani, anapalilia. Alikuwa anapalilia chini ya miti ambayo haikuwa na kitu juu. Maua yalikuwa meusi toka tawi la chini mpaka kileleni, na upepo ukipita yanadondoka kama jivu. Alitusalimu, akaniita mama, akatafuta gogo nikae. Issa hakukaa. Alimweleza baba yake kwa Kimwera, na nilimwona akihangaika, kwa sababu mambo yale hayana maneno kwa Kimwera, na nadhani hayana maneno kwa lugha yoyote mbele ya baba yako. Kisha kwa ajili yangu wakahamia Kiswahili.

"Basi hiyo mashine," mzee aliuliza, "ilikuwa inadhani leo ni lini?"

"Mwaka wa themanini, baba."

Mzee alilaza jembe lake chini. Hakuwa na hasira, ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Themanini miti hii ilikuwa inazaa," alisema. "Na mama yako ndiye alikuwa anaokota korosho, hapo ulipokanyaga." Akatazama miti, akamtazama mwanawe. "Sasa mmenirudisha kwa nini? Mngeniacha hukohuko."

Kijijini mifuko ilishushwa. Mwenyekiti aliweka dole gumba kwamba kijiji kimepokea, akatuuliza wapi pa kuiweka ili watoto wasiichezee. Issa hakurudi nasi. Barua yake ya kuacha kazi ilikuja na dereva, mistari miwili, na Ndugu Ulomi aliifungua, akaikunja tena, akaitia kwenye faili.

Mwaka uliofuata nilikuwa Nanganga nikingoja gari, nikamwona Issa njia panda amepanga magunia ya mkaa. Walikuwa wameikata mikorosho, yeye na baba yake, na jirani zao wengi, wakapanda ufuta. Aliniita dada kama zamani. Tuliulizana hali za nyumbani. Kisha akauliza kama ile saa imepata betri. Nilimwambia imepata. Akasema, "Afadhali," akainuka kumhudumia mteja.

Nilinunua gunia moja, sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilipikia mwezi mzima. Ulikuwa mkaa mzuri, mzito, hautoi moshi.